Siku Tulipobadilisha Taa ya Projekta

Projekta ile ililetwa Kashojwa, kijiji kimoja cha kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, ndani ya sanduku la mbao, imefungwa kwa blanketi. Aliyeikabidhi kwangu alikuwa mwanamke Mganda ambaye kazi yake ilikuwa kuwatafutia watu jamaa zao waliopotea wakati wa vita. Sote tulimwita Madamu. Alikuwa amesikia kwamba kuna Mkongomani anayetengeneza redio karibu na Base Camp, penye ofisi za kambi, akanifuata mpaka kwenye meza yangu ya kazi.

“Unaweza kuiendesha hii?” akaniuliza.

Sikuwa nimewahi kuigusa projekta maishani mwangu. Nikamwambia naweza.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana tuliziba madirisha ya darasa moja la shule kwa turubai, tukatundika shuka jeupe ukutani, nikawasha jenereta nje, na Madamu akaunganisha kompyuta yake. Kompyuta hiyo ilikuwa imepasuka kioo siku nyingi, haionyeshi kitu mpaka iwe na projekta. Kisha picha zikaanza kupita moja moja. Zilikuwa picha za watu waliopotezana na familia zao, zilizopigwa katika kambi nyingine, ndani ya Uganda na nje. Hazikuwa na jina wala mahali, maana kuna waliokuwa bado wanatafutwa na maadui. Chini ya kila uso kulikuwa na namba tu. Ukimtambua mtu wako, unampa Madamu namba, naye anakwenda kuulizia.

Mama yangu hakukosa hata Jumamosi moja. Alikaa benchi la mbele, mikono magotini, kitenge amekifunga vizuri kama mtu aliyekwenda ibadani. Alikuwa anamtafuta mdogo wangu wa kike.

Lazima niseme jinsi tulivyompoteza, ingawa nimelisema jambo hili mara chache sana. Tulikuwa tunatoka kijijini kwetu, Kivu ya Kusini, katika vita vya tisini na sita. Baba alikuwa ameuawa siku mbili kabla. Mama alimbeba mtoto mchanga mgongoni, ambaye naye hakufika mbali. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne. Nilipewa mambo mawili: sufuria kichwani, na mkono wa mdogo wangu aliyekuwa na miaka mitano. Njia ilijaa watu. Risasi zilipolia nyuma yetu kila mtu alikimbia, sufuria ikaniponyoka, nikauachia mkono wake ili niinamie sufuria. Niliposimama hakuwepo. Nilikuwa na sufuria.

Miaka mingi ilipita Mama hajanilaumu. Hakuwahi kunipigia kelele, hakuwahi kusema “kama ungelimshika”. Tulipokuwa Kabazana, kituo cha kupokelea wakimbizi, tukiandikishwa, karani alipouliza watoto wangapi, Mama alisema, “Babili. Mumoja iko hapa, ingine iko njiani.” Karani aliandika mmoja. Mama hakujua kusoma, na mimi sikumwambia.

Mdogo wangu alikuwa na alama nyeusi ya kuzaliwa chini ya jicho la kushoto, ukubwa wa punje ya harage. Alipokuwa mdogo wanawake wa kijijini walikuwa wakimpangusa wakidhani ni masizi. Alama hiyo ndiyo iliyompa Mama matumaini. Miaka kumi na minne ilikuwa imepita, sura ya mtoto haikai, lakini alama haitoki. Kwa hiyo kila uso wa msichana ulipotokea kwenye shuka, Mama hakuangalia pua wala mdomo. Aliangalia shavu.

Mwaka wa pili taa ya projekta ilianza kuchoka. Kwanza rangi nyeupe iligeuka manjano, kisha picha zote zikawa kama zimechovywa kwenye chai ya rangi. Feni ya ndani ilikwaruza kama nzi aliyefungiwa kwenye kopo. Kulikuwa na kitaa kidogo chekundu kilichowaka na kuzimika juu ya mashine. Nilijua kinaonya kitu, lakini redio nilizozizoea hazikuwa na maonyo, ukizigonga zinaongea. Nikakibandika plasta nyeusi kisitusumbue.

Jumamosi moja ya kiangazi picha zilikuwa hafifu kiasi kwamba watu wa nyuma walikuja kuchuchumaa mbele. Alipita mzee mmoja, wakapita ndugu wawili, kisha ukatokea uso wa msichana, mkubwa, umejaza shuka. Kabla sijaangalia vizuri nikamsikia Mama.

“Simamisha!”

Alikuwa ameshasimama. Kidole chake kilikuwa kimeelekezwa kwenye shuka.

“Ni yeye. Njo mutoto wangu. Muangalie fasi ya jicho. Alama yake iko pale.”

Niliangalia fasi ile, mahali pa jicho. Kwenye ule mwanga wa chai niliiona. Chini ya jicho la kushoto kulikuwa na doa jeusi, punje ya harage. Mwanamke mmoja nyuma alipiga kigelegele, wengine wakaitikia, na watu ambao hawakuwa na lao katika jambo hilo wakaanza kulia.

Madamu alisogea karibu na shuka asome namba. Alikodoa macho, akainama, akajaribu kutoka upande mwingine.

“Naona saba mwanzoni,” akasema. “Au ni moja. Hizi za katikati sizioni kabisa. Mama, pole, nahitaji namba yote. Bila namba sina cha kuulizia. Kule kuna wasichana wengi sana.”

Mama aligeuka akaniangalia. Jicho lile lilinifanya nifanye nilichofanya.

Nilidhani taa imechafuka tu, kama kioo cha taa ya mafuta ya taa kinavyoshika moshi. Nilizima projekta, nikaigeuza juu chini palepale mezani, nikashika bisibisi.

“Ngoja kwanza ipoe,” Madamu akasema.

“Dakika mbili tu, Madamu.”

Jenereta lilikuwa bado linanguruma nje na waya uko kwenye umeme. Nilifungua kifuniko, nikalegeza skrubu, nikaivuta taa. Ilinichoma kidole gumba na cha shahada, nyama ikatoa harufu, lakini sikuiachia. Niliishika kwa pindo la shati, nikatemea mate kidoleni, nikapangusa kioo chake mbele na ndani, nikisugua. Nikairudisha, nikawasha.

Mwanga ulianza kupanda polepole. Shuka likawa jekundu, likawa la manjano, uso wa yule msichana ukaanza kutokea, paji la uso kwanza. Ndipo ukatokea mlio.

Haukuwa mlio wa ajabu kwa mtu aliyekulia mahali pa amani. Angesema balbu imepasuka. Lakini darasa lile lilijaa watu ambao walitoka makwao kwa sababu ya mlio kama ule. Wote walianguka chini kwa pamoja. Mabenchi yalipinduka. Mzee mmoja alipasua turubai la dirisha akatoka nalo. Wanawake walilala juu ya watoto wao. Kwenye matundu ya projekta kulitoka moshi mwembamba mweupe, na Madamu alikuwa anapiga kelele kwa Kiingereza kwamba tutoke nje, tutoke nje. Mama nilimkuta chini ya benchi la mbele, amejikunja, mikono amefunika kichwa. Nilipomgusa bega akasema, kwa sauti ya chini sana, “Shika mukono ya mutoto.”

Baadhi ya watu waliokuwa mle ndani hawakurudi tena Jumamosi nyingine yoyote.

Ofisi ya akina Madamu iliagiza taa mpya na feni. Tulingoja miezi minne. Sijui niielezeje miezi hiyo, kwa sababu kwa Mama ilikuwa ndiyo miezi mizuri kuliko yote aliyoishi Nakivale. Alianza kuimba akipalilia mihogo. Aliniambia nipanue chumba chake kwa upande wa nyuma, nikafyatua matofali ya udongo, nikapanua. Alisuka mkeka mpya akautandika pale. Alikata kitenge chake kizuri vipande viwili, kimoja akakikunja juu ya mkeka. Akipita jirani barabarani alimsimamisha.

“Mutoto wangu wameshamuona,” alimwambia. “Tunangojea ampuli tu.”

Ampuli ndiyo balbu kwa lugha yetu ya nyumbani. Kashojwa nzima ilijua kwamba mama yule anangojea ampuli.

Vifaa vilipofika mjini Mbarara, Madamu alinipatia karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini na nafasi nyuma ya pikapu ya ofisi. Niliipakata projekta njia nzima. Vipande vya kioo vilikuwa vinacheza ndani yake kila gari liliporuka shimo.

Fundi alikuwa na chumba ghorofani, karibu na soko. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye miwani minene, aliyewahi kuwa askari, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambi za jeshi. Aliitikisa projekta kidogo, akasikiliza, akaniangalia.

“Nani alifungua hii?”

“Mimi.”

“Ilikuwa moto?”

“Ndiyo.”

“Na wewe nagusa kioo na kidole.”

Hakuwa anauliza. Nilimwonyesha vidole vyangu vilivyokuwa na makovu mekundu. Akatikisa kichwa, akaniita ssebo, yaani bwana.

“Sikia, ssebo. Hii hapana balbu ya nyumba. Ndani iko na hewa imekazwa kabisa, na iko na zebaki. Zebaki ni sumu. Kidole yako iko na mafuta. Ile mafuta ikipata moto, kioo inachoka fasi moja, inapasuka. Na hii taa ilikuwa mzee tayari. Haikukuambia? Haikuwasha nyekundu?”

Nikaikumbuka ile plasta nyeusi. Ilikuwa bado imebandikwa pale. Fundi aliibandua kwa ukucha.

Nilimtazama akifanya kazi, na mpaka leo naweza kuifanya kazi hiyo nimefumba macho, ingawa sina haja nayo. Alifungua madirisha yote kwanza. Alitandika magazeti mezani, akavaa glavu na miwani ya plastiki juu ya miwani yake. Vipande vya kioo hakuvipuliza kwa mdomo. Alivisukuma kwa brashi laini ndani ya kopo la rangi, akalifunga, akaandika juu yake kwa kalamu nzito kwamba lisifunguliwe. Akanionyesha sehemu ndogo iliyofunikwa kwa bati ndani ya mashine, inayosukuma umeme wa kuwashia taa.

“Hapa hapana gusa hata kama umechomoa waya. Umeme inabaki ndani. Inangoja wewe.”

Feni ya zamani ilipotoka, panga zake zilikuwa zimefunikwa na vumbi la Nakivale, lile jekundu, nene kama ngozi. Chujio la hewa lilikuwa limeziba kabisa. Akasema taa ilikuwa inapikwa humo ndani muda wote huo. Aliweka feni mpya, akaweka chujio jipya, kisha akaitoa taa mpya kwenye mfuko wake akiishika kwenye fremu ya plastiki tu, kama mtu anavyomshika kifaranga. Akakaza skrubu, si sana. Akafunga kifuniko, akaniambia mashine hiyo haikubali kuwaka kifuniko kikiwa wazi, na nisijaribu kuidanganya. Mwisho akaiambia mashine kwa vitufe vyake ianze kuhesabu saa upya.

“Sasa tuone,” akasema.

Aliielekeza kwenye ukuta mweupe. Mwanga ulipanda, ukawa mweupe kabisa, mweupe ambao sikuwa nimeuona tangu mashine ile ije kwetu. Nilikuwa nimeanza kutabasamu. Ndipo nikaliona.

Upande wa kulia, juu kidogo ya katikati, kulikuwa na doa jeusi. Punje ya harage.

“Ukuta yako iko na uchafu,” nikamwambia. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine.

Fundi aliisogeza mashine kidogo kushoto. Doa likasogea nayo. Akaisogeza kulia, likafuata.

“Hapana ukuta. Ni vumbi, iko ndani kwa njia ya mwanga. Imekaa siku mingi hii. Kwa taa mbaya hamukuona.” Akazima. Akangoja feni imalize kuzunguka, akachomoa waya ukutani. “Nitatoa. Lakini sasa imepata moto. Tunangoja saa moja.”

Mke wake alituletea bushera, kile kinywaji chao cha mtama, kwenye vikombe vikubwa. Changu nilikiweka chini. Nilikuwa naikumbuka picha ile, jinsi uso ulivyojaza shuka, mahali lilipokuwa jicho. Kulia, juu kidogo ya katikati; kwenye picha nyingine lingeangukia nywele au ukuta, nani angelijali? Nilijaribu kujidanganya kwamba labda yote mawili yalikuwepo, doa na alama. Nilijaribu mara nyingi. Huko nje wachuuzi walikuwa wanapanga matoke, watu wananunua, na mimi nilikaa kwenye kiti cha fundi nikimwona mdogo wangu anapotea mara ya pili, safari hii taratibu, bila mtu kukimbia.

“Fundi,” nikasema hatimaye, “iache tu.”

“Niache nini?”

“Lile doa. Funga hivyo hivyo.”

Alicheka kidogo. “Wewe natoka Nakivale mpaka hapa, halafu nataka kurudi na vumbi?”

Nikamweleza. Nilimweleza yote, hata sufuria, ambayo sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Alinisikiliza akiwa ameshika kikombe bila kunywa. Nilipomaliza alivua miwani akaipangusa kwa shati.

“Mimi ni fundi ya mashine,” akasema. “Hii ingine mimi hapana jua.” Akairudisha miwani usoni. “Lakini nafikiri kitu moja. Kama mama ingine iko anaangalia picha ya mutoto wake, na hii vumbi imekaa juu ya uso yake? Anapita tu. Hajui.”

Saa yake ya ukutani ilikuwa imebakiza dakika chache. Niliziangalia zikiisha. Akashika tena bisibisi akaniangalia, hakunisukuma.

“Toa,” nikamwambia.

Nilirudi Kashojwa jua likiwa bado juu. Mama alikuwa amepika sombe, yaani kisamvu, na samaki wa ziwani, chakula cha mgeni. Alitoka mlangoni akifuta mikono.

“Inawaka?”

“Inawaka, Mama.”

“Sana?”

“Sana.”

Akashika mikono yangu miwili, akavibusu vile vidole vyenye makovu. Hapo ndipo ningepaswa kusema. Nilikuwa na siku tatu kabla ya Jumamosi, na kila siku nilifungua mdomo nikazungumza juu ya kitu kingine. Kuni, bomba la maji, paa. Siku ya Ijumaa alioga, akasuka nywele kwa jirani. Nilimwona akirudi na mistari safi kichwani kama msichana, nikaenda nyuma ya nyumba nikajifanya natafuta jembe.

Jumamosi darasa lilijaa kuliko siku zote. Watu walikuja kumsindikiza. Picha zilipowaka kila mtu alishusha pumzi, maana nyuso zilikuwa hai, ungeweza kuhesabu kope. Alipita mzee, wakapita ndugu wawili. Kisha akatokea yule msichana.

Namba ilisomeka yote. Nyusi zake zilikuwa nene, na kidevuni alikuwa na kovu dogo ambalo hatukuliona mara ya kwanza. Shavu la kushoto lilikuwa safi.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Mama alisimama polepole, akaenda mpaka kwenye shuka. Kivuli chake kilimfunika yule msichana nusu. Aliinua mkono akagusa shavu, akapapasa, kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka gizani.

“Alama iko wapi?”

Madamu alinitazama. Nilijua ni lazima nijibu mimi.

“Mama, lilikuwa vumbi. Lilikuwa ndani ya mashine. Halikuwa juu ya mutoto.”

“Nani amelitosha?” Kwetu kutosha ndiko kutoa.

“Fundi. Kule Mbarara.”

“Nani alimwambia alitoshe?”

Ningeweza kumsingizia fundi. Alikuwa mbali, asingejua.

“Mimi, Mama.”

Aligeuka. Mwanga wa projekta ulikuwa unampiga usoni, na uso wa yule msichana ulikuwa juu ya uso wake, macho ya mtu mwingine juu ya macho yake. Hakupaza sauti.

“Mara ya kwanza uliachia mukono,” akasema. “Leo umetosha na alama.”

Alitoka nje akipita katikati ya watu, nao wakampisha. Nilibaki nimeshika waya. Madamu alisema tuendelee, kuna wengine wanangoja, na kweli Jumamosi ile ile mwanamke mmoja alimtambua kaka yake, bila shaka yoyote, na kaka huyo alikuja baadaye akakaa naye. Nalisema hili kwa sababu ni kweli. Halikunisaidia chochote.

Madamu aliipeleka namba ya yule msichana hata hivyo. Nadhani alifanya hivyo kwa kunihurumia. Majibu yalikuja baada ya wiki kadhaa: msichana alikuwa wa sehemu nyingine kabisa, mama yake alikuwa amekufa na yeye mwenyewe alimzika, na mjomba wake alikuwa ameshampata. Nilimsomea Mama barua ile mara mbili.

“Bamemubadilisha,” akasema. “Muna mashine ya kutosha alama, mutashindwa kubadilisha jina?”

Nilijaribu kumweleza jinsi vumbi linavyoingia, chujio linavyoziba, mwanga unavyopita. Nilichora hata kwa mkaa ukutani. Alinitazama jinsi unavyomtazama mtu anayekuuzia kitu kibovu.

Tuliishi naye katika nyumba moja miaka miwili zaidi. Alinipikia, alinifulia, aliniuliza kama nimekula. Kuhusu mambo ya nyumba tuliongea kama kawaida. Lakini hakuniita tena “papa”, jina ambalo akina mama wa kwetu huwaita watoto wao wa kiume kwa mapenzi, na aliloniita tangu nilipozaliwa. Darasani hakurudi. Jumamosi nilipobeba sanduku kwenda shuleni, yeye alichukua jembe akaenda shambani, hata kama mvua ilikuwa inanyesha. Ule mkeka haukuguswa. Panya walitoboa kitenge, akakishona, akakikunja tena.

Aliugua mapafu wakati wa mvua nyingi. Alilala kitandani wiki tatu, na mwishoni akawa ananiita kwa jina la marehemu baba. Nilikuwa nikiitikia. Ilikuwa afadhali kuitikia kwa jina la baba kuliko kukaa pale kama mimi. Siku moja asubuhi aliniuliza, akidhani mimi ni baba, “Batoto bote bamekula?” Nikamwambia wote wamekula. Alikufa kabla ya mchana. Tulimzika kwenye makaburi ya juu ya Kashojwa, na kwenye msalaba sikuandika kwamba ameacha mtoto mmoja wala wawili.

Baada ya mazishi nilimrudishia Madamu ile projekta na bisibisi. Nilimwambia atafute mtu mwingine, nikamwonyesha huyo mtu mwingine kila kitu: achomoe waya, angoje saa nzima, avae glavu, afungue madirisha, asiiguse taa kwa kidole. Alidhani namkazania mno. Siku ya mwisho Madamu aliniuliza kitu ambacho katika miaka yote ile hakuna aliyekuwa amekifikiria.

“Wewe mwenyewe picha yako ipo kwenye orodha? Kama yupo hai, huenda naye anaangalia mahali.”

Haikuwepo. Nilikuwa nimeonyesha mamia ya nyuso bila kuweka yangu. Akanisimamisha ukutani pale shuleni, akanipiga picha mbili. Mtoto wa miaka mitano anakumbuka nini juu ya uso wa kaka yake? Sijui. Alinipa namba kwenye kikaratasi, nami nikakitia ndani ya Biblia ya Mama.

Madamu alihamishwa. Akaja mwingine, kisha mwingine. Kila mara anapokuja mpya naenda ofisini siku ya kwanza, napanga foleni, namtajia namba yangu. Anaangalia kwenye mashine, anaangalia tena, halafu ananiambia, kwa upole, kwamba hakuna aliyeulizia.